Nani Atasema na Mtoto?

Mwezi Desemba mwaka 1962, nchi yetu ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Watu wengi hulikumbuka neno la kwanza katika jina hilo na kulisahau la mwisho. Hukumbuka ngoma, mashairi, uchongaji na michezo. Husahau kwamba utamaduni na vijana viliwekwa chini ya paa moja. Kwetu sisi jambo hilo lina maana kubwa. Utamaduni ni mali ya kurithiwa, na mali hiyo haiwezi kurithiwa ikiwa mwenye kuitoa na mwenye kuipokea hawasemezani. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza vijana wetu wanacheza ngoma gani na wanavaa mavazi gani, yafaa tuulize swali lililo la kwanza: je, wazazi na watoto wanazungumza?

Twauliza swali hili tukiwa Arusha, ambako tumeishi na kutumikia ofisi za Serikali kwa miaka mingi. Hapa mji na mlima vimepakana. Mtu akisimama penye Mnara wa Saa, katikati ya jiji, siku isiyo na mawingu, huuona Mlima Meru ukiinuka hata kufikia zaidi ya mita 4,500 juu ya usawa wa bahari. Katika miteremko yake yamo mashamba ya migomba na kahawa, ya Wameru upande wa mashariki, na ya Waarusha upande wa kusini na magharibi. Safari fupi ya gari humtoa mtu katika chumba cha kupanga huko Ngarenaro au Sakina na kumfikisha katika kihamba alichozaliwa babu yake. Lakini umbali uliopo kati ya baba na mwanawe wanaolala katika nyumba moja aghalabu ni mkubwa kuliko huo.

Husemwa kwamba zamani wazazi walizungumza na watoto wao kila jioni kando ya moto, na kwamba televisheni na simu ndizo zilizoyaua mazungumzo hayo. Tumeyasikia maneno hayo katika mikutano ya shule, makanisani na harusini. Yana ukweli, lakini ni ukweli nusu. Sisi tulilelewa mlimani katika miaka ya 1970, na televisheni ilianza kurusha matangazo yake Tanzania Bara mwaka 1994. Hapakuwa na chombo chochote cha kutushika macho jioni. Hata hivyo twashuhudia kwamba baba yetu hakuzungumza nasi kwa namna inayodhaniwa leo. Alituamuru: kateni majani ya ng'ombe, teka maji, funga mlango wa zizi. Tulimwamkia naye akaitikia. Alitupenda, na upendo wake aliuonyesha kwa jembe na kwa karo ya shule. Lakini hatukumbuki hata siku moja alipotuuliza tunaogopa nini au tunataka kuwa nani. Wala hakuwa mtu mkali kuliko wengine. Baba za wenzetu wote walikuwa hivyo hivyo.

Ikiwa ndivyo, basi ni nani aliyetueleza maisha? Maana tulielezwa. Tulijua ukoo wetu umetoka wapi, tulijua mipaka ya adabu, tulijua mwili wa mtu hubadilika vipi anapokua, tulijua nani tunaweza kumwoa na nani hatuwezi. Mambo hayo hayakuja kwa upepo. Jibu ni kwamba yalisemwa na watu wengine, na watu hao waliwekwa na jamii kwa makusudi.

Wa kwanza alikuwa bibi. Desturi ya kutaniana baina ya mababu na wajukuu imeenea katika makabila mengi ya nchi hii. Bibi humwita mjukuu wa kiume mume wake, na babu humwita mjukuu wa kike mke wake. Nao wajukuu hujibu kwa mzaha ambao wasingethubutu kuutamka mbele ya baba. Mgeni akisikia hudhani ni mchezo tu. La hasha. Utani ule ni mlango. Mtoto aliyezoea kucheka na bibi yake haoni haya kumwuliza jambo la aibu, na bibi hulijibu katikati ya kicheko, jambo zito likawa jepesi.

Tena mazungumzo hayo yalikuwa na wakati wake, na wakati huo uliletwa na kazi. Wenye kulima kahawa wanajua kwamba kahawa mbivu iliyochumwa mchana haina budi kumenywa siku hiyohiyo, isije ikaharibika. Basi msimu wa kuchuma ulipofika, watu wa nyumba nzima walikusanyika jioni penye mashine ya mkono. Mmoja alizungusha mpini, mwingine alimimina maji, na waliobaki walichagua punje mbovu zilizoelea. Kazi hiyo ilichukua saa mbili au tatu. Mikono ilikuwa na shughuli, macho yalikuwa na mahali pa kutazama, na midomo ilikuwa huru. Huko ndiko tulikosikia habari za njaa, za vita, za ndoa zilizovunjika na za watu waliopotea mijini. Huko ndiko na sisi tuliposema habari zetu, maana ni rahisi kusema neno gumu wakati hakuna anayekukazia macho.

Kwa Waarusha, ambao lugha yao ni Kimaa na ambao mpango wao ni wa marika kama ule wa Wamaasai, jambo hili lilifanywa kuwa sheria. Vijana waliotahiriwa katika kipindi kimoja walikuwa rika moja lenye jina lake. Waliokabidhiwa kulilea rika hilo hawakuwa watu wa rika lililolitangulia mara moja, kwa kuwa marika hayo mawili yalikuwa kama washindani, bali wazee wa rika la pili kwenda juu. Uhusiano huo huitwa olpiron, yaani kijiti cha kupekechea moto, kwa sababu wazee hao ndio waliouwasha moto wa kulizindua rika jipya. Wao ndio waliowaonya vijana, wakawaadhibu walipokosa na wakawatetea walipoonewa. Baba mzazi alikaa kando akatazama mwanawe akifundwa na wenzake.

Tukilitafakari jambo hili tunaona hekima yake. Baba ndiye aliyeshika fimbo, na ndiye aliyeshika ardhi. Yeye ndiye angeamua mwana yupi apate kipande kipi cha kihamba, na binti yupi aolewe wapi. Mtoto hawezi kwa urahisi kumfungulia moyo mtu yuleyule atakayemhukumu na kumrithisha. Wazee wetu waliujua udhaifu huo wa mwanadamu. Kwa hiyo waliitenganisha kazi ya kuamua na kazi ya kusikiliza, wakamkabidhi kila mmoja yake. Kati ya mzazi na mtoto palikuwa na mjumbe.

Leo mjumbe huyo ametoweka, na kazi yake haikukabidhiwa mtu mwingine. Hilo ndilo jambo tunalotaka ndugu msomaji alizingatie. Wazazi wa leo hawakuiacha desturi ya zamani ya kuzungumza na watoto wao. Wamerithi kazi ambayo baba zao hawakuifanya na ambayo hawakuonyeshwa namna ya kuifanya. Kuwalaumu bila kuliona hilo ni kumlaumu mtu kwa kushindwa kusoma kitabu ambacho hakufundishwa herufi zake.

Mjumbe ametowekaje? Hakufukuzwa na mtu. Ameondolewa na mambo mengi yaliyokuja moja baada ya jingine. La kwanza ni ardhi. Wakati wa ukoloni mashamba ya walowezi yaliuzunguka mlima, na watu wakabanwa katika miteremko. Kihamba cha babu kiligawanywa kwa wana wanne, nao wakawagawia wana wao, hata kikabaki kipande kisichoweza kulisha nyumba. Vijana wakashuka mjini kutafuta mshahara, wengine wakaenda Mirerani kuchimba tanzanite, wengine wakawa madereva na wapagazi wa watalii. Wakazaa watoto wao mjini, na bibi akabaki mlimani. La pili ni kahawa yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei yake katika soko la dunia ilianguka vibaya, na wakulima wengi wakaing'oa mibuni au kuiacha ijifie, wakapanda nyanya, mahindi na ndizi za kuuza. Hakuna aliyewaambia kwamba pamoja na mibuni waling'oa pia zile saa tatu za jioni.

La tatu ni jando. Siku hizi vijana wengi hutahiriwa hospitalini, na wanachopata huko ni huduma njema ya afya, lakini hawapati mafundisho ya wazee. Mafundisho ya kipaimara kwa Wakristo na ya madrasa kwa Waislamu yamelijaza pengo hilo kwa sehemu, nayo yastahili shukrani. Lakini mwalimu wa dini aliye na watoto themanini mbele yake hawezi kumsikiliza kila mmoja.

La nne ni bweni. Kwa miaka mingi wazazi wa mjini waliona fahari kumpeleka mtoto bweni tangu angali mdogo wa kuvalishwa viatu. Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilitoa waraka wa kusitisha huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu, ili watoto hao wapate malezi ya wazazi wao. Sisi tuliupokea waraka huo kwa moyo mkunjufu. Lakini waraka waweza kumrudisha mtoto nyumbani. Hauwezi kumweka mzazi sebuleni wala kumpa la kusema.

La tano, nalo halisemwi sana, ni lugha. Katika nyumba nyingi za Arusha mna lugha tatu. Bibi anasema Kimeru, ambacho wenyewe hukiita Kirwa, au Kimaa. Mzazi anasema lugha hiyo na Kiswahili. Mtoto anasema Kiswahili, na masomo yake ya sekondari ni ya Kiingereza. Sikukuu ya Krismasi familia hupanda mlimani. Mjukuu humwamkia bibi, bibi humshika kichwa na kumbariki, kisha wote wawili hutabasamu na kunyamaza, kwa kuwa maneno yamekwisha. Kiswahili ndicho kilichotufanya kuwa taifa moja, na hatutaki hata chembe ya heshima yake ipungue. Lakini mtoto mwenye akili ya kujifunza Kiswahili na Kiingereza hashindwi kuongeza maneno ya kutosha kuzungumza na mama wa baba yake. Anayemnyima maneno hayo anamfungia mlango ambao siku moja atauhitaji.

Tutoe mfano. Miaka michache iliyopita binti wa jirani yetu, mwanafunzi wa kidato cha pili, alipata mimba. Wazazi wake ni watu wema. Baba ni dereva wa watalii, na katika msimu wa wageni hukaa mbugani majuma mawili bila kurudi. Mama huuza vitenge sokoni, huondoka alfajiri na kurejea usiku. Binti alikaa na siri yake miezi minne. Jumamosi moja alipanda gari akaenda kwa bibi yake, mama wa baba, katika kijiji kimoja juu ya Usa River. Huyo alikuwa na bahati, maana alikuwa akikisema Kimeru. Bibi alimpa chakula, akamlaza, akamwacha aseme alipokuwa tayari. Asubuhi yake alijifunga khanga, akamshika mjukuu mkono, akashuka naye mjini.

Tuliitwa kama majirani wazee, nasi tukayasikia yaliyosemwa. Bibi alikataa kiti kikubwa, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango, akamwambia mwanawe:

"Baba, nimekuletea maneno ya mtoto wako. Ukitaka kupiga, unianze mimi."

Baba yule alinyamaza kwa muda mrefu. Alipotoa sauti hakugomba. Aliuliza tu: "Mama, kwa nini hakuniambia mimi?"

Bibi akajibu: "Ulimpa saa ngapi ya kukuambia?"

Hapakuwa na dharau katika jibu hilo. Lilikuwa swali la kweli, nalo lilikosa jibu. Binti alijifungua salama. Kwa kuwa mwezi Novemba 2021 Serikali ilikuwa imeruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa kujifungua warudi shuleni, alirudi akamaliza kidato cha nne. Serikali ilikuwa imefungua mlango wa shule, lakini aliyeufungua mlango wa nyumbani ni mwanamke mzee asiyejua kusoma. Bibi yule sasa amekwisha kuzikwa. Binti anao wadogo zake wawili, na hao hawakijui Kimeru, wala huko mlimani hawana tena mtu wa kumwendea. Siku moja nao watakuwa na neno zito moyoni. Watalipeleka kwa nani?

Hapo ndipo tunaposema kwamba mzazi wa leo hana budi kuwa watu wawili: awe baba, na awe pia mjumbe ambaye baba yake hakulazimika kuwa. Na kwa kuwa sisi ni mtu wa mashairi, turuhusiwe kutafuta mafunzo katika fasihi yetu.

Fasihi ya Kiswahili ina hazina kubwa ya maneno ya mzazi kwa mtoto. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi ambao hata leo husomwa katika vyuo vikuu. Shaaban Robert naye alimtungia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Tunazistahi sana kazi hizo. Hata hivyo tuziangalie zilivyo: katika zote mzazi anasema na mtoto anasikia. Hatujui binti wa Mwana Kupona alijibu nini. Huo ni wosia, na wosia ni jambo jema, lakini wosia si mazungumzo. Wosia ni neno la mtu anayejua kwamba hatakuwapo kesho, na ndiyo sababu hausubiri jibu. Mzazi aliye hai na mwenye afya akisema na mwanawe kwa wosia tu, kila siku, kila chakula cha jioni, anajifanya marehemu kabla ya wakati.

Lakini fasihi yetu ina namna nyingine pia. Ina malumbano ya washairi, ambayo wasomaji wa magazeti wameyafurahia kwa miaka mingi. Mshairi mmoja huuliza, mwingine hujibu, na mara nyingi mwenye kujibu huvichukua vina na mizani ya mwenzake. Hawezi kufanya hivyo kama hakumsoma vema. Anaweza kumpinga vikali, lakini kwanza ni lazima amsikie. Kadhalika tunavyo vitendawili. Mwenye kutega husema, "Kitendawili!" na hawezi kuendelea mpaka aliyeulizwa amwambie, "Tega!" Jambo dogo hilo lina somo kubwa: mkubwa anaomba ruhusa ya mdogo kabla ya kusema. Kisha asiyejua jibu hutoa mji, na katika mchezo huo hata babu hushindwa na kutoa mji kwa mtoto wa miaka saba. Hakuna aliyewahi kusema kwamba babu huyo amevunjiwa heshima. Mtoto hujifunza kwamba mkubwa naye aweza kutojua, na kwamba kutojua si aibu.

Tunajua wako wanaoogopa. Husema: mtoto akizoea kujibizana na baba, adabu itakwisha. Hofu hiyo tunaiheshimu, maana taifa lisilo na adabu halina kitu. Lakini adabu si ukimya. Rika la vijana wa Kiarusha lilikuwa na msemaji wake, olaigwanani, aliyeteuliwa ili maneno ya vijana yawafikie wazee na maneno ya wazee yawafikie vijana. Maana yake, jadi yenyewe iliwapa vijana sauti, ikaifundisha sauti hiyo kusimama mahali pake na kusema kwa zamu yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Wako wanaodhani kwamba sheria hiyo ni jambo la kigeni. Sisi twaona kwamba imeandika kwa wino lile ambalo wazee wa mlima huu walilijua bila kuandika.

Tena watu wa Meru wanaijua thamani ya kusikilizwa kuliko watu wengi. Mwezi Novemba mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Ngare Nanyuki, ili ardhi yao wapewe walowezi. Watu walichangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika New York kuyasema maneno yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudishwa kwa sababu ya safari ile. Lakini wazee waliokuwako hawakuisimulia kama safari ya hasara. Walisema: tulisikiwa. Ikiwa watu wazima walitoa jasho lao ili mmoja wao avuke bahari akasikilizwe, hata kabla ya kupewa walichoomba, basi tusishangae mtoto akiutamani usikivu wa mtu aliye chumba cha pili.

Yafanywe nini basi? Hatuna dawa mpya. Twapendekeza kwamba kazi ya mjumbe irudishwe kwa namna inayowezekana leo. Kwanza, mzazi atafute kazi ya mikono ya kufanya pamoja na mtoto wake. Mashine ya kahawa haipo, lakini ndizi zipo za kumenya, mchele upo wa kuchagua, nguo zipo za kukunja. Sisi na mtoto wetu wa mwisho huenda sokoni Tengeru kila Jumamosi. Tunakwenda kwa ajili ya ndizi na maharage, lakini aliyoyasema kijana huyo akiwa amebeba kikapu, macho yake barabarani, hakuwahi kuyasema kwa kuitwa sebuleni na kuambiwa, "Keti hapo, tuzungumze."

Pili, saa ya kusikiliza itengwe na saa ya kuhukumu. Mtoto akileta neno baya, mzazi alipokee kwanza kama bibi, alale nalo, na kesho alirudie kama baba. Adhabu haiozi kwa kulala usiku mmoja, lakini neno likikatwa katikati halirudi tena. Tatu, mzazi asione wivu kumpa mtoto mtu mwingine wa kumwendea. Shangazi, mjomba au mama mdogo anayeaminika na kujulikana na ukoo aambiwe waziwazi mbele ya mtoto: huyu ni wako, lolote usiloweza kutuambia sisi, mwambie yeye. Nne, likizo za Juni na Desemba zitumike kuwapeleka watoto kwa mababu walio hai, wakae huko juma zima, wajifunze lugha, badala ya kupita mchana mmoja wa sikukuu.

Na walimu watakaousoma ukurasa huu pamoja na wanafunzi wao twawaomba jambo moja. Wapeni wanafunzi zoezi ambalo jibu lake halimo katika kitabu wala katika simu. Waulizeni: mama yako alipokuwa na umri wako, alimwambia nani siri zake? Baba yako alifundwa na nani? Mwanafunzi atalazimika kuuliza nyumbani, na mzazi atalazimika kukumbuka. Wengi watasema kwamba mtu huyo alikuwa bibi, au mzee fulani wa rika, au shangazi. Basi mwanafunzi na aulize swali la pili, kwa adabu na kwa zamu yake: na mimi je, umeniwekea nani?

Mzazi atakayeulizwa hivyo asikimbilie kujibu. Na amwambie kwanza mwanawe, "Tega."